Ukuta Uliosomwa Upande Mmoja

Karatasi ina pande mbili. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Mimi nilisoma hadi kidato cha nne, nikapasi hata jiografia, na bado sikulikumbuka mpaka nilipokuwa nimemaliza kubandika ukuta mzima na kurudi nyuma hatua tatu kuutazama kwa majivuno, uji wa ngano umenikaukia hadi kwenye viwiko.

Wakati huo nilikaa Yamumbi, nje kidogo ya mji wa Eldoret, katika ploti ya milango minne iliyojengwa kwa mabanzi. Aliyewahi kulala nyumba ya mabanzi anajua kwamba fundi huacha nafasi kati ya ubao na ubao, kisha anakuhakikishia kwamba mvua ikinyesha mbao zitavimba zizibe. Hazivimbi. Mwezi wa saba upepo wa huku kwetu huingia bila kupiga hodi na kukaa kitandani kama shangazi. Dawa ilikuwa moja: unanunua magazeti ya zamani kwa kilo sokoni, unakoroga uji mzito wa ngano, unabandika.

Na mimi nilihitaji dawa hiyo kuliko majirani, maana sikuwa mtu wa kutoka. Wenzangu walienda mjini kutazama watu. Mimi watu nilikuwa nimewatazama wakanitosha. Nilikuwa na mashine ya kufuma, nikitengeneza sweta za shule, na kama uzi ungeota mlangoni pangu nisingejua barabara inaelekea wapi. Safari yangu ndefu ya wiki ilikuwa hatua ishirini za kuvuka uwanja, Jumamosi jioni, kwenda kwa Mzee kutazama televisheni.

Mzee alikuwa amestaafu reli, na ndiye peke yake ploti nzima aliyekuwa na televisheni, ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Sheria zake zilikuwa fupi. Futa miguu. Kaa chini, viti ni vya wageni, na jirani si mgeni. Usiongee. Kipindi chetu kikiisha tungependa azime kuokoa betri, lakini Mzee hakuzima kamwe kabla habari hazijaanza na Mtukufu Rais hajaonekana akipungia watu mkono. Miaka ile hukujua nani anapita dirishani na ataenda kusema nini. Tulimtazama Mtukufu, Mzee akaitikia kwa kichwa kama aliyesalimiwa yeye binafsi, ndipo akazima.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha jamaa kutoka nyota ya mbali. Mrefu, mkimya, kila Jumamosi anawaokoa watu wa mji fulani na kuondoka kabla hawajasema asante. Shingoni alivaa kikebe kidogo ambacho hakukifungua hata siku moja. Alitoka wapi hasa, kwa nini, kikebe cha nini, kipindi hakikusema. Mzee alikuwa ameshaamua.

"Hiyo ni ugoro," alisema. "Mwanaume mzima, kikebe kidogo, hataki kuonyesha watu. Mimi nimefanya reli na wanaume. Ni ugoro."

Jirani wa ubao kwa ubao na mimi alikuwa mama wa maziwa. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa barabarani kupokea mitungi inayotoka mashamba ya mji mdogo wa Ziwa, na kabla jua halijapanda alikuwa amerudi kuuza kwa kikombe. Ulimi wake haukuwa na breki. Alimwambia mhubiri, mlangoni pa kanisa, kwamba mahubiri yake yangefaa kukatwa katikati kama kitambaa. Sweta yangu ya kwanza aliigeuza geuza akauliza, "Hii mkono ya pili ni ya nani? Ya nyani?" Nilimpenda. Mtu asiyetoka nyumbani anahitaji jirani anayeingia.

Kitu kimoja tu hakukitaja. Kijana wake mkubwa alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia. Jioni walikorofishana, kwa sababu kijana alitaka kuacha shule ya ufundi akawe utingo wa lori. Asubuhi mama alirudi na mitungi yake akakuta kitanda cha kijana, kwenye chumba cha pembeni alikolala peke yake, kimetandikwa vizuri na mwenyewe hayupo. Hakuna neno, hakuna barua. Watu walisema wamemwona Kitale. Mama aliendelea kupima maziwa. Lakini kila Jumamosi yule jamaa wa nyota alipogeuza mgongo na kwenda zake bila kuaga, mama alisonya.

"Na huyu naye, hana mama?"

Sote tulijua anauliza habari za nani. Mzee hata hakumkumbusha sheria ya kutoongea.

Basi mwezi wa saba ule nilinunua karatasi zangu kwa kilo, na katikati ya magazeti nikakuta rundo la vitabu vya katuni, vya rangi, vya Kiingereza, na juu ya kila kimoja yupo yule jamaa, kikebe shingoni! Vilikuwa vitabu vya maisha yake kabla ya televisheni, mfululizo mzima, tangu akiwa mtoto huko kwao, ambako watu huishi mashimoni chini ya ardhi na angani kuna miezi miwili. Mtu mwenye akili angekaa chini asome. Mimi nilikuwa na uji motoni unaoanza kuganda. Nilizichana kurasa, nikachagua kwa kila moja upande wenye rangi kali zaidi, nikazipanga kwa mfuatano kutoka mlangoni hadi kitandani, nikabandika. Kazi safi. Upepo ulikoma.

Habari ya kwanza kutoka ukutani iliishtua ploti: koti la shujaa lilikuwa la zambarau. Miaka yote tuliliona jeusi.

"Haiwezi," Mzee alisema, amesimama mlangoni pangu kofia mkononi kama yuko msibani. "Zambarau ni ya padri wakati wa Kwaresima."

Mama wa maziwa alianza kuja kila siku baada ya kuuza. Hakujua Kiingereza, kwa hiyo yeye alisoma picha na mimi nilimtafsiria maneno huku nikifuma. Alitembea polepole kando ya ukuta, kikombe mkononi, akiuliza maswali ambayo mchoraji hakuyategemea: hawa watu wa chini ya ardhi wanakausha nguo wapi, na huyu mtoto mbona kila ukurasa anavaa shati ileile. Siku ya tatu alifika karibu na dirisha. Pale mtoto amekuwa kijana. Ni alfajiri, miezi miwili bado iko juu, begi liko begani, na amesimama nje ya mlango wa mama yake. Mkono umeinuliwa. Anataka kugonga.

Mama aliitazama picha hiyo muda mrefu. Kisha akalamba kidole, akakiweka kwenye pembe ya karatasi, akajaribu kuufungua ukuta.

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Fungua tuone," alisema.

"Mama, imebandikwa."

"Imebandikwa namna gani? Hii kitabu haina upande ingine?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nusu ya maisha ya shujaa ilikuwa imelala kifudifudi kwenye mabanzi, imemezwa na uji. Karatasi iliyofuata, kulia, jamaa tayari yuko ndani ya chombo cha angani, nyota zinampita dirishani. Kama aligonga, kama mama aliamka, kama walisema lolote, yote yalikuwa nyuma.

"Sasa aligonga ama hakugonga?" Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kuisikia ikiwa ndogo.

Ningesema sijui. Ni neno fupi, hata mwenye kidato cha nne analiweza. Nikasema, "Aligonga. Niliisoma kabla ya kubandika. Mama yake akaamka, akampa uji."

Uso wake ukafunguka kama dirisha. Siku hiyo kipimo cha maziwa yangu kilipita ukingo wa kikombe. Nami nikaona kumbe nina kipaji.

Kesho yake aliuliza tena, na uji ukawa na sukari. Siku iliyofuata mama wa shujaa alimtemea mate kifuani kumbariki, akamjazia kikebe udongo wa shamba lao. Habari zilivuka uwanja. Jumamosi Mzee alinipandisha cheo: kutoka sakafuni hadi kiti cha wageni, kile chenye kitambaa cha maua, ili nifafanue. Udongo aliupinga, bila shaka.

"Udongo wa nini? Amekuwa kaburi?"

"Ni wa shamba la mama yake, Mzee."

"Wameuchanganya na ugoro," alisema, na alipofika hapo hakusogea tena.

Kiti kilinipanda kichwani. Wiki ya pili nilikuwa nimemsindikizia shujaa kijiji kizima, wanawake wanapiga vigelegele, na begi lake limebebwa na ngamia.

"Ngamia?" mama wa maziwa aliuliza. "Huko chini ya ardhi?"

"Mdogo," nikasema.

Alichukua kikombe chake akaenda zake. Lakini siku ya Jumanne asubuhi aliingia kwangu bila hodi, mkono mmoja ana birika linalotoa mvuke, mwingine ana kisu cha kumenyea viazi.

"Shika hapa," akasema. "Leo tunafungua huo mlango."

Nilijaribu kueleza kwamba karatasi itachanika, kwamba upepo utaingia, kwamba nina sweta za kumaliza. Alishanipa birika. Nikashikilia mdomo wa birika karibu na ukuta, mvuke ukapanda, uji ukaanza kulegea na kutoa harufu yake, naye akapitisha kisu chini ya karatasi kwa upole ambao sijamwona akiutumia kwa mtu yeyote. Ilichukua muda kama wa kukamua ng'ombe wawili. Pembe moja ikabaki ukutani. Sehemu iliyobaki ikatoka nzima. Akaigeuza.

Lilikuwa tangazo la peremende. Watoto watatu wenye meno mengi, na peremende kubwa kama gurudumu.

Basi. Hakukuwa na kitu kingine. Mchoraji alimsimamisha kijana mlangoni mkono juu, akaweka peremende, na ukurasa unaofuata, namba za chini zilithibitisha, kijana yuko angani. Hakuchora alichofanya. Pengine hata yeye hakujua. Ugali wangu wote, samahani, uji wangu wote na ngamia wangu vilikuwa vimesimama juu ya meno ya wale watoto.

Nilingoja anitukane. Ningefurahi anitukane. Mama alikaa kwenye kitanda changu, karatasi magotini, inadondosha maji.

"Kwa hiyo hakuna anayejua," alisema.

"Hakuna, Mama."

"Anajua yeye." Akasimama, akajipangusa magoti. "Kesho na kesho kutwa wewe ndiye utapokea maziwa. Mimi naenda Kitale."

Mimi! Barabarani! Saa kumi na moja! Nilikuwa na sababu saba za kukataa, lakini nilimtazama mkononi nikaona bado ameshika kile kisu.

Sitaeleza sana siku hizo. Nilimwaga mtungi nusu, nikampa maziwa mtu ambaye si mteja, na mwenye ng'ombe wa Ziwa aliniuliza kama ninatoka nchi nyingine. Siku mbili zikawa tatu. Jumamosi ikafika mama hajarudi. Nilivuka uwanja, nikakataa kiti cha wageni, nikakaa sakafuni.

Shujaa alikuwa juu ya paa la jengo linaloungua tuliposikia honi ya lori. Honi ndefu, ya mtu anayetaka majirani wajue. Wote tulitoka mbio isipokuwa Mzee, maana betri ni betri.

Mama wa maziwa alishuka kwanza, kitambaa cha kichwani kimeenda upande, akiwa ameshikilia mkono wa utingo kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku. Kijana alikuwa mrefu kuliko tulivyokumbuka. Alikuwa na masizi usoni na alicheka kwa aibu.

"Aligonga!" mama alinipigia kelele kabla hata sijawasalimu. "Fundi! Aligonga!"

"Mara tatu," kijana akasema. "Nilisimama hapo mlangoni nikagonga mara tatu. Alikuwa ameenda maziwa."

"Saa kumi na moja! Mtoto gani anaaga mama yake saa kumi na moja, na anajua kazi yangu?"

"Nilisahau, Mama."

"Alisahau! Amekula maziwa hiyo tangu azaliwe, alisahau!" Na akampiga begani, na akampiga tena, na mara ya tatu mkono haukutoka begani, ulibaki pale.

Dereva alimpa ruhusa hadi Jumatatu. Kijana alikula chapati zote za ploti, zikiwemo zangu. Kwa Mzee aliketishwa kiti cha wageni, akaulizwa, kama mtu aliyesafiri, kikebe kina nini. Akasema kwa heshima kwamba kinaonekana kama cha ugoro. Mzee alinitazama kwa furaha ambayo hata Mtukufu hakuwahi kuipata.

Jumapili mama alimleta kwangu aone ukuta. Kijana aliusoma wote, kutoka mlangoni hadi kitandani, akasimama kwenye ile nafasi tupu karibu na dirisha, upepo unaingia, akaweka kiganja chake pale. Nikaona huu ndio wakati wa mtu mwungwana. Nikamwambia mama kwamba uji, sukari, mate, udongo, vigelegele na ngamia, vyote nilivitunga mwenyewe, na nikaomba msamaha.

Alinitazama vile anavyotazama maziwa yaliyotiwa maji.

"Nilijua unadanganya tangu ngamia. Na hii ukuta, fundi, bandua yote, inanuka uji imechacha."