Sura ya Kumi

Fundi hakujua kusoma. Viatu vya mtaa mzima vilipita mapajani mwake, herufi hazikupita machoni. Msomi wa nyumba alikuwa mkewe, Mwalimu, aliyefundisha watoto kanisani Jumapili. Kila alasiri alikaa kwenye kigoda kando ya meza ya viatu, akasoma kwa sauti, Fundi akishona.

Vilikuwa vitabu vya watoto wanaoanza kusoma, herufi kubwa kama mbegu za maboga. Kaka na dada wanaingia kwenye kabati la kanisani, wanatokea zama za Yesu. Mara wamo mashuani na dhoruba inavuma, mara wako juu ya paa, watu wanamshusha mgonjwa kwa kamba. Fundi alidai anasikiliza ili kumridhisha mkewe tu. Wapi! Siku watoto walipokosa mlango wa kurudi, alijidunga sindano.

"Jifunze, Fundi, usome mwenyewe."

"Wewe una macho, mimi nina mikono. Tumegawana."

Wakagawana hivyo miaka arobaini.

Katika kitabu cha mwisho walifika sura ya tisa, Mwalimu akalazwa. Macho yakaingiwa na ukungu. Alhamisi moja akauliza, "Umeniletea sura?"

Fundi akainama karibu. "Si hii hapa?"

"Hiyo nimeichoka. Nataka ya kumi. Wale watoto bado wamekwama kule."

Kitabu kilikuwamo mfukoni. Fundi akakifungua, akakikodolea macho, akatunga.

"Wakauona mlango. Wakarudi kwao. Wakakuta chakula bado cha moto."

Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. "Cha moto, baada ya miaka elfu mbili? Fundi wewe, hata uongo hujui."

"Ndivyo kilivyoandikwa."

"Haya." Akageukia ukutani.

Ijumaa asubuhi Fundi alikuta kitanda kimetandikwa upya.

Baada ya maziko akaenda kukaa na watoto wa Jumapili, magoti yakigusa kidevu.

"Babu, hiyo ni *ba*, si *da*!"

Wakacheka. Akameza. Samaki mkunje angali mbichi, watu husema. Huyu alikuwa mkavu, akakunjwa hivyo hivyo, akavunjika, akajiunga mwenyewe. Miezi minane.

Alasiri moja, mezani pake, kidole chake chenye gundi kikaburuta mstari wa sura ya kumi: wa-ka-ku-ta cha-ku-la ba-do cha mo-to.

Akarudia. Yalikuwa yale yale. Huko watoto walikaa siku nyingi, nyumbani hazikupita hata dakika tano.

Akakitazama kigoda. Kilikuwa na vumbi.

Mchungaji aliposikia habari hiyo, alimshika bega. "Mzee wangu, ni Mungu aliyekutia maneno yale kinywani."

Fundi akachukua kiatu kingine, akatafuta tundu la sindano.

"Angemtia na yeye imani," akasema. "Amekufa akijua nimemdanganya."