Kapu la Ngazini

Cheka kwanza, ukimaliza nisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yamenikuta mwenyewe, jua halijazama, na akili zangu ninazo zote. Wenzangu hapa Guangzhou, China, nikiyaanza tu hugeuza mazungumzo, mara wanaulizana bei ya kontena. Siwalaumu, ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo.

Nilikwenda Nepal na rafiki yangu Shebe, mtu wa Tanga kama mimi. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja mtaa wa Xiaobei, tunanunua nguo masoko ya Guangyuan Xilu na kuzisafirisha Dar. Shebe alikuwa na harusi inamsubiri nyumbani. Akasikia kuna mji wa kale juu ya kilima, huko kwenye milima ya Himalaya, unaouza mashali ya sufu yasiyo na mfano. Yeye akataka la mchumba wake, Mwanahawa. Mimi nikanusa biashara. Tukapanda ndege, kisha gari, mpaka barabara ikaishia chini ya kilima. Kutoka hapo ni ngazi za mawe tu.

Mji wenyewe ni mzuri, nisiseme uongo. Nyumba za matofali mekundu, madirisha ya mbao yenye nakshi, ungedhani mafundi wa milango ya Unguja waliwahi kupita huko. Zamani ulikuwa mji wa matajiri, na mali yao yote ilipandishwa kwa migongo ya watu.

Tukapata nyumba ya wageni, na alasiri ukungu ulishuka tukiwa njiani kutafuta mashali. Tukamkuta mama mmoja amesimama ngazini, ametuelekea, na kando yake kapu refu lililofunikwa kitambaa. Alionyesha kapu, akaonyesha kichwa chake. Hapo unahitaji mkalimani? Kwetu nani atampita mama anayeomba kutwikwa, aende zake?

"Ngoja nimtazame miguu kwanza," Shebe akaninong'oneza kwa mzaha wake. "Isije ikawa kwato."

Sisi watu wa pwani unatujua, jini tunamtafutia kwato za punda. Tukatazama wote wawili. Ilikuwa miguu ya binadamu, peku, visigino vimepasuka kama vya mama yangu.

"Ni mtu huyu," Shebe akasema, akacheka. "Nitwike mimi nimpelekee, maskini, kazeeka."

Nikamtwika. Kule mzigo hubebwa mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso, nikauweka sawa ule mkanda. Kapu lilikuwa jepesi, niamini, kama halina kitu. Mama akatangulia, Shebe akafuata, wakapotelea kwenye ukungu. Mimi nikarudi nyumba ya wageni kuswali.

Nilikuwa natawadha. Nimefika kwenye kuosha miguu, kiganja kiko kisiginoni, mwili mzima ukanisisimka. Yule mama alikuwa anatutazama usoni. Visigino vyake nimeviona vipi?

Nilitoka mbio hata viatu sikuvaa. Shebe nilimkuta amekaa ngazini peke yake. Hakuna mama, hakuna kapu. Kidevu kimegusa kifua, na kwenye paji lake kuna alama nyekundu ya mkanda.

"Nitue, ndugu yangu," akasema.

"Nikutue nini? Huna kitu."

"Nitue, shingo inakatika."

Nikamkokota mpaka kwa mwenye nyumba ya wageni. Bwana huyu aliwahi kununua viatu Guangzhou, kwa hiyo tulielewana kwa Kichina cha sokoni. Alipoiona ile alama alirudi nyuma. Akaniambia yule mama alifia kwenye ngazi hizo akiwa na mzigo wa tajiri, na mzigo ule hauwekwi chini. Mwenye kumtua mwenzake kwa hiari yake, unahamia kwake. Nikamwona anapayuka.

Tukarudi Guangzhou. Hospitali wakampiga picha za mifupa, daktari akatikisa kichwa: meiyou, hakuna kitu. Shehe mmoja wa Kizanzibari akamsomea, akapata nafuu, kulipokucha akawa vile vile. Alikuwa halali, chakula hakipiti kwenye koo lililokunjika, anapukutika huku namwona. Mwanahawa akipiga simu ya video tunamdanganya mtandao mbaya. Nilijua kinachotakiwa, na niliogopa, sifichi.

Siku moja baada ya adhuhuri akaniomba niwaambie kwao wasiendelee na harusi. Alisema kwa sauti ndogo, machozi yanadondokea magotini. Hapo moyo ukanishinda. Nikasema Bismillahi, nikapeleka mikono juu ya kichwa chake nikashika hewa, na hewa ile ilikuwa na uzito. Shebe akainua uso. Wallahi sijawahi kuona mtu akiutazama ukuta kwa furaha namna ile.

Ameoa. Juzi Mwanahawa alinipigia, wamepata mtoto wa kiume na wamempa jina langu. Nilifurahi mpaka nikalia. Simu nilikuwa nimeiweka sakafuni, maana siku hizi macho yangu yanafika huko tu.

Sasa nakuonya. Ukipita Xiaobei ukamkuta mtu ameinama, anakusalimia kwa Kiswahili, itikia salamu. Akikuomba umtue, usinyooshe mkono. Nitakuomba kwa adabu, na nikizidiwa nitakuomba kwa jina la mama yako. Wewe pita.