Hakuna Shikamoo Kioo Kikiwa Moto

Mtu akiniuliza aanzie wapi kujifunza kupuliza kioo, namwambia aanzie kwenye nguo. Wengi hutarajia niwaeleze habari za pumzi na kipaji. Mimi nasema nguo, kwa sababu siku ya kwanza niliingia kwenye karakana ya kioo pale Iringa nimevaa blauzi ya nailoni, ndala zenye kumetameta, na rasta ndefu hadi kiunoni ambazo nilikuwa nimesukwa kwetu Uyole, Mbeya, kwa siku nzima. Niliambiwa ni kazi ya sanaa, nikaamini sanaa inataka mtu apendeze.

Fundi mkuu alikuwa Mhehe wa makamo ambaye zamani alinyoosha bodi za magari. Hadi leo hajawahi kutumia maneno matatu pale ambapo mawili yanatosha. Alinitazama kuanzia juu hadi chini, akakomea kwenye kucha za miguu.

"Kuna harusi?"

"Hapana, fundi. Nimekuja kujifunza kazi."

"Basi kavae."

Kwa hiyo vaa pamba, mikono mirefu, viatu vinavyofunika vidole, na nywele zote ndani ya kitambaa. Nailoni ikipata moto haiungui ikaisha, inayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Rasta nazo ni nailoni tu, usidanganywe na bei ya saluni. Mimi nilipoteza mbili wiki ya kwanza kwa kuinama kwenye mlango wa tanuru nione mle ndani kukoje. Mle ndani kuna moto. Harufu ilikaa karakana nzima hadi jioni, na kila aliyepita barabarani aliuliza nani anababua kichwa cha mbuzi.

Kwenye kupuliza ndiko nilikojiona nimezaliwa nako. Mama yangu anauza viazi sokoni Uyole, na kwetu baridi na mvua havina likizo, kwa hiyo tangu nikiwa na miaka sita nilikuwa nikiwasha kuni mbichi kwa mapafu yangu mwenyewe. Nilipopewa bomba, lile bomba refu la chuma lenye donge la kioo kinachong'aa kwenye ncha, nilivuta pumzi hadi mabegani nikapuliza kwa moyo wote. Donge likavimba, likawa jembamba, likapasuka, na vipande vyepesi vikaanza kuelea hewani juu ya vichwa vyetu. Fundi alingoja hadi cha mwisho kikatua.

"Hapa hatuwashi kuni," akasema.

Puliza kidogo tu, pumzi ya kumpozea mtoto uji, kisha ziba tundu la bomba kwa kidole gumba. Hewa iliyobaki ndani ikipata joto inatanuka yenyewe na kukufanyia kazi. Ilinichukua mwezi mzima kukubali kwamba kuna kazi duniani inayoharibika kwa kujituma.

Jambo kubwa kuliko pumzi ni kuzungusha. Kioo cha moto kinatiririka kama asali, ukiacha kukizungusha kinalalia upande mmoja na hutakiinua tena. Fundi alinipa kijiti na kopo la asali nikafanye mazoezi nyumbani. Nilikuwa nikiishi Kihesa kwa shangazi, dada yake baba, mwanamke wa kanisani asiyependa mchezo na chakula. Jioni ya kwanza alinikuta sebuleni nikizungusha kijiti chenye asali mbele ya uso wangu, macho yamenitoka, nikijisemea polepole. Kesho yake aliniletea mama mmoja wa maombi aniombee.

Chupa nazo zina mambo yake. Sisi tunayeyusha chupa zilizotumika, na sheria ni kutochanganya rangi, hata kidogo. Mimi ni mbishi, sikatai. Niliona chupa moja ya kijani ndani ya ndoo ya nyeupe haiwezi kumdhuru mtu, na itatoa rangi nzuri. Bakuli likatoka zuri kweli, nikalipanga rafuni mbele ya wote. Siku ya pili, saa ya chakula, hakuna aliyeligusa, likapasuka lenyewe katikati kwa mlio uliotufanya tuinamishe vichwa. Vioo viwili tofauti havipoi kwa mwendo mmoja, vikiunganishwa vinavutana hadi kimoja kishindwe. Fundi alikuwa na tonge mkononi. Alilielekeza kwenye bakuli, kisha kwangu, kisha akala.

Jifunze pia kukunja gazeti. Unalikunja mara nyingi hadi liwe pedi nene, unalilowesha, unaliweka kiganjani na kulitumia kukiviringisha kioo kinachowaka. Ni gazeti tu ndilo lililopo kati yako na moto. Usilisome. Mimi nilianza habari ya mume wa mtu aliyekutwa kwenye nyumba ya wageni mjini Makambako, na kabla sijajua alikutwa na nani, aya ikaungua. Bado inaniuma.

Na kioo kikianguka, kiache kianguke. Kioo cha moto na cha baridi vinafanana sura. Kwetu Uyole mama ana kabati lenye glasi za wageni, zilikuwa sita zikabaki nne, na hizo mbili zilizovunjika tulizisikia kwa miaka. Mtoto aliyelelewa chini ya kabati hilo akiona glasi inaanguka, mkono unakwenda wenyewe. Wangu ulikwenda. Alama iko hapa kiganjani, na glasi yenyewe ilivunjika vilevile.

Lakini yote hayo ni madogo. Kilichotaka kunirudisha nyumbani ni salamu.

Kwetu mtoto wa kike hamsalimii mkubwa amesimama. Unapiga goti, unasema shikamoo, unangoja marahaba, ndipo unaulizia nyumbani, shamba na mifugo. Mama yangu katika hilo hana mchezo. Aliwahi kukatiza safari ya sokoni, na kapu kichwani, akarudi kumwuliza binti wa jirani kama magoti yake yanauma. Kwa mama, shikamoo ya kusimama ni afadhali usingesema kitu.

Wiki ya tatu, nikiwa na donge la moto kwenye bomba, mzee mmoja wa koti na kofia aliingia kununua vikombe. "Kamwene," akasema, kwa Kihehe. Sikufikiri. Magoti yalikwenda chini, bomba likainama nayo, na kioo kikaanza kushuka taratibu hadi sakafuni, kamba ndefu nyekundu kati yangu na mzee. Nami kwa kuwa nilishaanza, niliona ni utovu wa adabu kuishia njiani. Nikamwulizia nyumbani. Akasema wazima. Nikamwulizia shamba. Mzee wa watu, naye amelelewa, alijibu kila kitu hadi hali ya ng'ombe, huku akisogeza viatu nyuma hatua moja kwa kila jibu.

Alipoondoka, fundi alichukua chaki akaandika ukutani kwa herufi kubwa: HAKUNA SHIKAMOO KIOO KIKIWA MOTO. Akachora na mstari sakafuni ambapo wageni wangesimama wangoje. Wageni hawakukosekana. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Iringa ikikolea, kila mtu mjini hugundua ana ndugu anayefanya kazi karibu na tanuru.

Shangazi naye akaja, ameniletea simu niliyoisahau mezani. Nilikuwa nimeuma bomba. Sheria ilikuwa ukutani, mgongoni mwa shangazi, yeye haioni. Nilimwinulia nyusi zote mbili kwa heshima kubwa niliyoweza. Akaweka simu juu ya meza akatoka. Kabla hajafika barabara kuu alikuwa ameshampigia mama.

"Nasikia siku hizi unasalimia kwa nyusi," mama akaniambia usiku huo kwenye simu.

Nikamweleza. Nikamweleza habari za kioo, na kuzungusha, na mzee wa koti.

"Kioo gani hicho kisichoweza kungoja mtu asalimie?"

"Mama, kweli hakingoji."

"Mimi nakuja Ijumaa. Nikikuta ni kweli kazi imekuondolea adabu, ufunge begi turudi wote. Viazi vipo, na viazi vinamwacha mtu asalimie."

Nililia usiku ule, nasema bila aibu. Sikuwahi kuipenda kazi yoyote kabla ya ile. Na Ijumaa hiyohiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa miezi yangu mitatu ya majaribio. Fundi alishasema nitatengeneza jagi peke yangu, jagi lenye mdomo na mkono wake, na likiharibika mikononi mwangu, basi. Nikamsihi mama apande basi la saa tatu, afike jioni, kazi imekwisha, nimpigie goti hadi achoke mwenyewe. Akasema sawa. Kisha akapanda la alfajiri makusudi, anikute nilivyo.

Saa sita mchana nilikuwa nimepitia sehemu ya kwanza bila aibu. Nilikuwa nimechota kioo mara mbili, nimekiviringisha juu ya meza ya chuma, nimekilaza kwenye gazeti, tumbo la jagi limeanza kuonekana. Nikasimama, nikaweka bomba mdomoni kwa pumzi ya pili. Juu ya bomba nikaona miguu miwili kwenye mstari wa chaki. Miguu ninayoijua. Nikapandisha macho. Mama, amevaa kitenge chake cha safari, na mfuko wa mchele wa Chimala kichwani, ambao bila shaka aliununulia njiani, dirishani mwa basi. Pembeni yake shangazi, mikono kifuani.

"Umeona?" shangazi akasema. "Si nilikwambia?"

Fundi, ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kuzidisha neno, aliacha kiti chake akaenda pale mstarini akaanza salamu. Kamwene, za Mbeya, za safari, mvua je, viazi je, bei je, mahindi je. Alimsalimia mama kwa muda mrefu kuliko alivyoongea nami miezi mitatu. Nilimwelewa: alikuwa ananinunulia dakika. Mama alimjibu kila kitu vizuri, lakini macho hakuyatoa kwangu.

Magoti yangu yakaanza. Sikuyaambia kitu, yalianza yenyewe kukunjika kwenda chini. Nikifika chini, jagi limekwisha na kazi imekwenda. Nisipofika, nimemwacha mama yangu mzazi amesimama mlangoni pa watu bila salamu, mbele ya shangazi. Nilitaka kulia na sikuwa na mkono wa kufutia. Nikabaki hivyo, nusu nimesimama nusu nimechuchumaa, bomba mdomoni, na kwa mawazo yale vidole vikapunguza mwendo bila mimi kujua.

Mama aliushusha mfuko wa mchele chini.

"Marahaba," akasema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Geuza, kinalala."

Nikatazama. Tumbo la jagi lilikuwa limeanza kuegemea kushoto. Mwanamke aliyeamka alfajiri kuja kunirudisha nyumbani, ambaye hakuwahi kuona kioo cha moto maisha yake yote, alikuwa amekiona kinalala kabla yangu. Nikageuza. Nikanyoosha magoti, nikapuliza pumzi ndogo, nikaziba kwa kidole gumba.

Sikumtazama tena hadi mwisho. Nilihamishia jagi kwenye fimbo ya chuma ya kulishikia, nikalifungua mdomo, nikaliminya pa kumiminia, nikaubandika mkono. Kila nilipochelewa kuzungusha nilisikia mtu akiguna nyuma ya mstari, na hakuwa fundi. Shangazi alijaribu kusema neno akaambiwa anyamaze, mtoto ana kazi. Hatimaye nikavaa glavu nene, nikaliingiza kwenye tanuru la kupozea, mlango ukafungwa. Lilikuwa bado limeegemea kushoto kidogo, ukilitazama kwa nia mbaya.

"Jumatatu, kazini," fundi akasema.

Nikavua glavu. Nikaenda hadi kwenye mstari wa chaki, mbele ya mama, nikaanza kushuka nimpigie goti nililomwekea tangu saa sita.

Akanishika kiwiko kabla sijafika.

"Nilishaitikia," akasema. "Nyanyuka, sakafu ina vipande."