Mtunza ukumbi asiyeijua tasnifu ya mkewe

Saa moja unusu asubuhi, ukumbi wa kutetea tasnifu bado unanukia sabuni ya sakafu, na mtunza ukumbi anafuta kiti kilekile alichokwisha kukifuta. Kiti chenyewe hakina hata vumbi. Anakisogeza mbele, anakirudisha nyuma, anaenda mlangoni kukitazama kwa mbali, kisha anatikisa kichwa.

"Leo kiti kimoja kimenishinda," anasema, na kucheka peke yake. "Nimewapangia viti maprofesa wa kila aina, wakali kwa wapole. Sijawahi kuhangaika hivi. Kwani ni mimi ninayehojiwa?"

Anayehojiwa ni mkewe. Saa nne, mama huyo, muuguzi wa wodi ya wazazi, atasimama mbele ya watahini kutetea utafiti wake wa shahada ya uzamivu. Na mumewe, ambaye hapa chuoni wanamwita Waziri wa Viti, hajui utafiti huo unahusu nini. Ndiyo, umesoma vizuri. Miaka minne ya masomo wanalala kitanda kimoja, na hajui.

Hicho ndicho kichekesho cha chuo kizima, maana hakuna mtu aliyehangaika kuujaza ukumbi huu watu kama yeye.

Kanuni za chuo zinasema utetezi wa tasnifu ni wa wazi: yeyote anaruhusiwa kuingia, kukaa na kusikiliza. Lakini alipoajiriwa, miaka kumi na tisa iliyopita, waliokuwa wakiingia ni mwanafunzi, watahini wake na pengine shangazi mmoja aliyekuja kupiga picha. "Ukumbi mzima, watu hawajazi hata safu moja," anakumbuka. "Nikajiuliza, sasa hivi viti vingine nawapangia majini?"

Ndipo akachukua ubao mdogo wa chaki uliokuwa umetupwa stoo, akausimamisha kando ya njia, akaanza kuandika kwa lugha ya kila siku. "Leo: kwa nini daraja hutikisika watu wakipita. Karibu, viti vipo." "Leo: nani alichimba visima vya zamani. Karibu, viti vipo." Mada ikimshinda, humfuata mwanafunzi siku moja kabla na kumwambia, "Nieleze kama unavyomweleza mama yako," na habanduki mpaka aelewe.

Watu wakaanza kuingia. Walinzi waliomaliza zamu, mafundi rangi, wanafunzi wa idara zisizohusika kabisa. Siku ya daraja, msichana wa idara ya muziki aliingia kukwepa mvua tu. Akawasikia wahandisi wakizungumzia mtikisiko, akanyoosha mkono, akauliza jambo kuhusu nyuzi za gitaa. Leo yeye na mhandisi aliyekuwa akihojiwa siku ile wana makala waliyoiandika pamoja, na Waziri wa Viti ameibandika ukutani kwenye chumba chake cha mifagio.

"Sielewi hata mstari mmoja," anasema bila haya. "Lakini ukigusa karatasi ile tutagombana."

Ukikaa naye kidogo atakusimulia tabia za kila idara kama mtu anayewasema wakwe zake. Watu wa hisabati wanataka ubao na chaki, projekta hawaitaki hata kuiona. Watu wa udongo wanakuja na magunia na kumwachia kazi ya kufagia. Watu wa nyota wanaweka kila kitu mtandaoni kabla hawajaombwa. Wanahistoria wanamtaja kila aliyewapa neno, kwa jina lake na la babu yake. Waliokuwa wakimkera ni watu wa dawa.

"Hao wanakuja na bahasha imefungwa, wanakwambia toka, tena funga mlango vizuri," anasema. "Nilikuwa nawaambia usoni: mnaficha nini? Kama mmegundua kitu kizuri, si mtuambie?"

Kumbe nyumbani kwake kulikuwa na bahasha nyingine.

Mkewe alipoanza masomo, mtunza ukumbi alibeba nusu ya kazi za nyumba bila kunung'unika. Alijifunza kupika wali usioungua, akawafulia vijana wao wawili sare za shule, akauza pikipiki yake ada ikapatikana. Alichotaka ni kimoja tu: kuambiwa. Kila mkewe alipofungua kompyuta, yeye alipita nyuma yake na kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekiomba.

"Nafunga kompyuta, anaweka chai, anasimama," anasimulia mkewe, akiangua kicheko. "Namuuliza, unasubiri nini? Ananijibu, nasubiri kikombe!"

Jibu lake kwa mumewe halikubadilika: ni mambo ya afya ya wanawake, basi.

"Mume wangu ni mtu mwema, lakini ukimwambia yeye umeutangazia mtaa," anaeleza. "Na wanawake walioniamini ni majirani zetu. Tunanunua nyanya kwenye meza moja. Mwanahistoria akificha jina la mtu, amemnyima heshima yake. Mimi nikilitaja, nimemvua nguo. Matokeo ya jumla nitayaweka mtandaoni bure, kila hospitali iyasome. Lakini sauti za wale mama, hapana."

Kwa sababu hiyo kamati ya maadili imekigawa kikao chake. Dakika ishirini za mwanzo, atakapoeleza matokeo kwa ujumla, mlango uko wazi. Baada ya hapo watahini watajadili ushuhuda wenyewe, na wengine wote watatoka. Kwenye ratiba, kikao cha namna hii huandikwa idara tu, bila mada.

Saa tatu hivi mtunza ukumbi anautoa ubao wake nje, chaki mkononi, na kwa mara ya kwanza hana la kuandika. Anajikuna kisogo. Anaanza herufi moja, anaifuta. Mwishowe anaandika: "Leo: mke wangu. Karibu, viti vipo."

Loo! Habari inasambaa upesi kuliko tangazo la mishahara. Mpaka saa nne inakaribia hakuna hata pa kuegemea. Mkewe anawasili katika gauni la buluu, anausoma ubao, anashika kiuno.

"Baba watoto, ndiyo nini hii?"

"Si mada hiyo?"

"Futa."

"Nikifuta niandike nini? Niambie basi, nibadilishe sasa hivi."

Anamtazama, anataka kukasirika, kicheko kinamshinda. "Haya, acha. Lakini ukae nyuma, usinitolee macho."

Anakaa nyuma, kifua mbele, akitabasamu kushoto na kulia kama bwana harusi.

"Utafiti wangu unahusu wanawake waliojifungua watoto wasio hai," mkewe anaanza, "na walichokikuta walipofika nyumbani."

Tabasamu la mtunza ukumbi linaondoka.

Mama huyo anaeleza kwamba wengi walikuta kila kitu kimeondolewa. Nguo ndogo, beseni la kuogea, kitanda. Hakuna aliyewaambia vimekwenda wapi, na hakuna aliyewauliza neno, si siku ile wala miaka iliyofuata.

"Walioviondoa hawakuwa watu wabaya," anasema, na sauti yake imetulia. "Waliviondoa kwa upendo. Lakini karibu wanawake wote waliniambia jambo lilelile: nilingoja kuulizwa."

Hamtaji mtu. Wala hatazami nyuma ya ukumbi. Muda unapokwisha mwenyekiti anaomba watu watoke, na mwenye kazi ya kuwatoa ni huyohuyo aliyekaa nyuma. Anainuka. Anawaongoza watu taratibu, "asanteni, polepole, asanteni," mpaka wa mwisho. Kisha anatoka mwenyewe na kuufunga mlango kwa mikono miwili.

Huko nje anakaa kwenye ngazi. Mlinzi anamtania, anamwita mume wa daktari, naye anakung'uta chaki kwenye suruali.

"Kitanda nilikipeleka kwa dada yangu," anasema. "Mke wangu akiwa bado wodini."

Ilikuwa miaka kumi na sita iliyopita, baada ya kijana wao wa kwanza na kabla ya wa pili. Mtoto wa kike. Mimba ilikuwa imefika mwezi wa nane.

"Nilibeba vyote. Nikafagia, nikapaka ukuta rangi. Nikasema asije akaona akaumia. Akarudi, akapatazama mahali pale, akachukua nguo akaenda kuanika. Nikashukuru moyoni: afadhali, hajauliza. Kumbe ananisubiri mimi." Machozi yanamtoka na hahangaiki kuyafuta. "Nilidhani nimefanya jambo la maana, ndugu yangu. Wallahi nilidhani hivyo."

Amemkasirikia mkewe kwa kuyasema hadharani?

"Hasira za nini? Ukumbi umejaa, na hakuna hata mmoja aliyejua. Niliyeambiwa ni mimi tu." Anaugeukia mlango uliofungwa, na hatimaye anacheka kidogo. "Na wale watu wa dawa nitawaomba radhi. Wamo majirani zangu humo ndani. Acha wafungiwe vizuri."

Inapokaribia saa saba mlango unafunguliwa. Mwenyekiti anatangaza kwamba mtahiniwa amefaulu, marekebisho ni madogo. Shangwe zinalipuka, fundi rangi anapiga mluzi, mlinzi anavua kofia. Mke na mume wanashikana mikono katikati ya fujo hiyo, na hawaonekani kuwa na haraka ya kuachiana.

Alipoulizwa kama haya yanaweza kuandikwa gazetini, mama alimtazama mumewe kwanza, mume akaitikia kwa kichwa.

"Langu andika," akasema. "La wale wanawake, umezisikia dakika ishirini, zikutoshe."

Mchana huu mtunza ukumbi ameomba ruhusa ya kuondoka mapema. Mkuu wake alidhani ni utani, maana haijawahi kutokea. Hawatapanda basi. Kuna njia ndefu inayopita nyuma ya bohari la mbao, haina watu wengi, na ndiyo aliyoichagua.

"Nitamuuliza," anasema, akifunga vifungo vya koti. "Nitamuuliza alikuwa amemchagulia binti yetu jina gani. Miaka yote hii sijui, unaweza kuamini?"

Mkewe anamngoja chini ya ngazi, viatu vya kisigino mkononi, ndala miguuni. Mtunza ukumbi anateremka hatua mbili, kisha anageuka.

"Na mimi nilikuwa nimemchagulia lake. Sijamtajia mtu mpaka leo. Hata wewe sikutajii, mwandishi. Wa kwanza kulisikia ni mama yake."