Jumamosi Aliyopewa Merritt

Verlene Tjaden alikuwa na miaka hamsini na nane, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuwatafutia wasichana wa chuo chao watu wa kucheza nao. Cheo chake kiliitwa kocha msaidizi. Ukweli ni kwamba alikuwa mpiga simu. Chuo chenyewe ni kidogo, kimezungukwa na mashamba ya mahindi ya jimbo la Dakota Kusini, Marekani, na timu yake ya mpira wa kikapu ndicho kitu pekee ambacho mji mzima hukubaliana juu yake.

Kazi ile ina mikosi yake. Michezo ya ligi hupangwa na ligi. Mingine unaitafuta mwenyewe. Vyuo vikubwa havikutaki, kwa sababu vikikufunga havipati sifa, na ukivifunga vinaaibika. Vidogo vinakutaka sana, lakini ukivifunga, kamati ya taifa inayochagua timu za mashindano inakunja uso. Kamati haiulizi umeshinda mara ngapi tu, inauliza umemshinda nani. Na chuo cha daraja la chini, hata ukikifunga kwa pointi mia, kwao ni kama siku hiyo hukuamka kitandani.

Verlene aliyajua haya yote, tena kuliko mtu yeyote pale. Ndiyo maana lile jambo la mwezi wa Julai lilimkaa rohoni.

Mwezi huo, kabla ya msimu kuanza, alipigiwa simu na kocha wa chuo kikuu kimoja kikubwa, timu iliyozoea kufika mbali. Mpinzani wao alikuwa amejitoa, wamebaki na nafasi moja tu, Jumamosi ya tatu ya Novemba. Je, wangependa kuja? Simu ya namna hiyo humjia mtu mara moja katika miaka kumi. Lakini Jumamosi ile ilikuwa ya Merritt Haugen, rafiki yake tangu walipokuwa wanafunzi, kocha wa chuo kidogo cha Biblia kilicho mwendo wa saa mbili, daraja la chini. Kila mwaka Merritt alikuja na basi la wasichana wake na basi la wazee wa kanisa. Walikuwa wakila supu ya nyama na maharage kwa mikate ya mdalasini, wakifungwa vibaya, wakirudi kwao wanacheka. Mkataba haukuwapo. Walikuwa wamesemezana tu, na kwa makocha wa upande ule, ukishasema umesema. Verlene akawaambia wale wakubwa hapana, asante. Wala hakumdokezea kocha mkuu, Lindquist, hata neno.

Basi msimu ukawa mtamu kuliko yote. Walishinda michezo ishirini na saba, wakapoteza minne. Wa nne ndio uliowaponza: fainali ya ligi, kwa pointi mbili. Bingwa wa ligi huingia mashindano ya taifa moja kwa moja. Wengine huisubiri kamati.

Jumapili ya kutangazwa majina ya timu zilizochaguliwa, mji mzima ulihamia ukumbini. Wasichana walikaa mbele ya televisheni na fulana mpya, na mpiga picha wa gazeti akawaelekezea kamera ili ainase furaha. Verlene alikaa nyuma na Lindquist.

"Hao wamefungwa mara kumi na tatu," Lindquist alisema, timu moja ilipotajwa. "Wamepigwa na kila mwenye viatu."

"Wamepigwa na wakubwa."

"Kwa hiyo kupigwa nako ni sifa siku hizi?"

"Ukipigwa na mkubwa, ndiyo."

Jina la mwisho likasomwa. Halikuwa lao. Mpiga picha alishusha kamera bila kupiga, na kwa hilo Verlene alimshukuru kimoyomoyo. Mwenyekiti wa kamati alipoulizwa juu yao, alisema kwa upole kwamba timu ni nzuri, ila ratiba yao ya mwanzo wa msimu ilikuwa nyepesi. Verlene alisubiri watu wageuke wamtazame. Hakuna aliyegeuka, na aliona aibu zaidi.

Kesho yake asubuhi Britta Sorum aliingia ofisini kwake, macho yamevimba. Britta alikuwa mwaka wa nne, ndiye aliyeiongoza timu uwanjani, na msimu mwingine hakuwa nao. Hakukaa.

"Kocha, tulikosea wapi?"

"Nyinyi hamkukosea."

"Usinibembeleze. Nimeshalia vya kutosha, sasa nataka kujua."

Verlene akamweleza yote, simu ya Julai na Jumamosi ya Merritt. "Ni mimi, Britta. Tungecheza na wale, hata tungefungwa, pengine saa hizi mngekuwa mnafunga mabegi. Nilichagua mchezo usiohesabiwa."

Britta alifikiri. "Wa Merritt? Si ndio ule niliofunga pointi arobaini na moja?"

"Ndio huo."

"Bibi alikata picha gazetini. Iko kwenye friji mpaka leo." "Kwa hiyo ule hauhesabiwi."

"Kwa kamati, hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Simu ililia. Alikuwa Merritt, na sauti yake kubwa ilijaa chumba kizima.

"Pole, dada yangu. Wazee wangu wamechachamaa, nusura wamwandikie barua yule mwenyekiti. Hasira zao zitafika Novemba. Jumamosi ya tatu, eh? Safari hii mikate naleta mimi."

Verlene alimtazama Britta. Britta alikuwa akitazama sakafu.

"Hapana, Merritt. Mwaka huu hapana."

"Hapana tarehe, au hapana sisi?"

"Nyinyi."

"Nimekuelewa," Merritt alisema, bila kile kicheko chake. "Sijui nitawaambiaje wazee." Akakata simu taratibu.

Britta alikuwa ameshafika mlangoni. "Ungemwambia hivyo tangu Julai, kocha," alisema, bila ukali wowote, akatoka.

Verlene alilia, akapangusa uso, akalifuta jina la Merritt kwenye kalenda ya Novemba. Kisha akaanza kupiga simu, akianza na kile chuo kikuu kilichompigia Julai. Kufika saa sita mchana alikuwa amewapigia wakubwa tisa. Wote waliisifu sana timu yake, na hakuna aliyetaka kucheza nayo.