Alhamisi Zetu za Qantab

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeiwekea bahari ufuo na rehema Zake asiziwekee. Namshukuru kwa alichonipa na kwa alichokichukua, maana vyote vilikuwa Vyake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, jamaa zake na masahaba zake.

Wiki iliyopita mwanangu alinitoa nyumbani Mabela, hapa Maskati, kunipeleka kwa daktari wa magoti, Al Khuwair. Tulipomaliza nikamwomba anipitishe Qantab, kijiji cha wavuvi, kabla hajanirudisha nyumbani.

"Mama, Qantab kuna nini?"

"Kuna bahari."

Akacheka, akageuza gari. Tulipofika sikuweza kushuka. Mchanga hauna huruma na magoti ya kizee. Nikafungua mlango nikakaa vivyo hivyo garini. Upepo ukanijia na harufu ya chumvi na dagaa wa kuanikwa, na nikahisi uchovu wa miaka yote umenishukia kwa pamoja. Usidhani nalalamika, rafiki yangu. Ni uchovu wa mtu aliyetua mzigo, ndipo mgongo ukaanza kuuma.

Mimi asili yangu mtu wa bara. Nilizaliwa Tabora, na utotoni maji mengi niliyoyajua ni ya kisima. Marehemu mume wangu alikuwa wa Unguja, amekulia ufukweni. Tulikutana na kuoana hapa Maskati, sote tumerudi nchi ya babu zetu tusiyoijua. Kwa hiyo nikikwambia nnakumbuka utoto wangu wa baharini, ujue ni utoto nilioupata ukubwani, miaka ya tisini, wanangu wakisoma mbali na mvi zimeshaanza kunichungulia.

Ulianza kwa msiba. Mama mkwe wangu alifariki Unguja na mume wangu hakuwahi maziko. Aliporudi kutoka matangani alirudi bila sauti. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na hasira. Alikwenda wizarani asubuhi, akarudi, akaitikia salamu, akasali, akala, akakaa. Nikimuuliza neno, anajibu kwa neno. Miezi ikapita. Nyumba ikawa kimya hata saa ya ukutani ikawa kama inapiga kelele.

Jirani yangu, mwanamke wa Kizanzibari mwenye ulimi mrefu na moyo mweupe, akaniambia, "Shoga, mwanamume akinyamaza hivi kuna jambo. Angalia usije ukaletewa mwenzio."

"Akimleta, atapika yeye," nikamwambia. "Mimi n'tapumzika."

Tukacheka, lakini usiku kwenye sijda nilikuwa na ombi moja tu: nimsikie tena mume wangu akizungumza ndani ya nyumba yake. Mwanachuoni aliyenisomesha utotoni alikuwa akisema subira si kukaa kimya, subira ni kubisha hodi bila kuuvunja mlango. Nikabisha hodi.

Siku moja tulikwenda Qantab kupunga upepo. Ufukweni palikuwa na mashua ndogo ya zamani, imefudikizwa mchangani. Mume wangu akaisogelea, akaigonga ubavuni kwa vidole kama mtu anayechagua nazi, akasikiliza. Mwenyewe, mvuvi mzee wa pale, alikuwa ameshanunua boti ya mashine na ile hana kazi nayo. Mume wangu akamwomba aitumie siku za mapumziko. Sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi vile kwa mtu yeyote tangu arudi.

Tanga nililishona mimi kwa cherehani yangu, turubai jeupe gumu lililonivunjia sindano. Mvuvi, asiyejua ila Kiarabu, alipoliona akashika kiuno.

"Sheikh, watu wote wana mashine, weye unatweka shuka?"

"Wao wana haraka," mume wangu akajibu. "Sisi tunakwenda wapi?"

Wakati ule mapumziko ya wiki yalikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ijumaa ina haki yake, kwa hiyo Alhamisi ikawa yetu, majira yote ya baridi. Alfajiri tunasali katika msikiti mdogo wa pale kijijini, kisha tunasukuma mashua. Mimi hubeba mandazi ya iliki na chupa ya chai ya tangawizi, chai ya moto ya kuunguza ulimi. Nikipanda nasoma dua ya safari mara nyingi kuliko inavyohitajika, maana niliogopa kweli. Tunaambaa na pwani polepole, milima ya rangi ya kahawia inaingia majini mpaka shingoni, maji chini yake ya kijani, na wakati mwingine kasa anatoa kichwa, anatutazama kama mtu aliyeamshwa. Tunapita jiwe kubwa lenye tundu, tunatia nanga, tunashusha mishipi. Yeye alitumia ngisi kwa chambo. Mimi sikutaka kumshika, nikakanda unga wa ngano vidonge vidonge. Aliniangalia, akatia chambo chake. Hata baharini alikuwa akiniambia "inama" tanga linapogeuka, na "shika hapa", basi.

Mpaka Alhamisi moja mshipi wangu ukavutwa. Nikavuta na mimi, akaja samaki wa wastani, bapa, ana madoa. Ndiye samaki wangu wa kwanza maishani! Mvuvi mzee alikuwa akipita karibu katika boti yake, akaona, akasimama akanipungia mikono yote miwili.

"Safi, ya walida! Safi! Safi!"

Walida ni mama; maneno mengine yakamezwa na mashine. Mimi moyo ukajaa. Mzee wa watu, nikasema, ananisifu kwa Kiswahili chetu. "Safi kabisa, baba!" nikamjibu kwa Kiswahili, nikamkamata samaki kwa kiganja chote.

Ewe Mola! Moto uliingia kidoleni ukapanda mpaka begani. Nikapiga ukelele, mashua ikayumba. Mume wangu akanidaka mkono, akamtazama samaki, akamtazama mvuvi anayetikisa kichwa kule, na hapo ndipo alipofahamu. Safi ni jina la Kiarabu la samaki tunayemwita tasi, mwenye miba ya sumu. Nyumbani samaki hununua yeye, nami sijawahi kumsikia akimwita ila tasi. Mzee wa watu alikuwa akinitahadharisha.

Akaanza kutetemeka mabega. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mke wangu kaumwa na Kiarabu!" akasema. "Miaka yote Maskati, bibie, kisha unamshukuru anayekuonya!"

"Nakufa, weye unacheka?"

"Hufi. Lete mkono." Akafungua chupa ya chai, akaijaribu kwa kidole chake, akanimiminia kidogo kidogo. Maumivu yakaanza kulegea. "Maji ya moto ndiyo dawa yake," akasema. "Mama alinifanyia hivi hivi. Nilikuwa mdogo, nimeiba mtumbwi wa watu. Alinimwagia maji ya moto kwa mkono huu, na huu mwingine ananichapa."

Nikanyamaza, nisije nikalikata lile neno. Akaendelea. Akanisimulia nyimbo za mama yake akitwanga, namna alivyofunga kanga ya msiba, alivyokuwa akimwita yeye mwanawe kwa jina la babu yake. Alisema mpaka tukagusa mchanga, akasema garini, akasema nyumbani. Kidole kilinipwita siku nzima, na mimi namshukuru Mungu kwa kila mpwito.

Tulipata miaka mingi ya Alhamisi baada ya hapo. Kisha mzee mvuvi akafariki, mashua ikaoza. Hoteli kubwa ikajengwa ng'ambo ya mlima, barabara ikakatwa ndani ya jiwe. Tukahamia Mabela, karibu na mwanetu, mbali na Qantab. Alhamisi yenyewe ikawa siku ya kazi. Na mume wangu, Mungu amrehemu, naye akaitwa.

Siku hizi mkwe wangu, binti mwema, huja akakaa miguuni pangu. "Mama, mbona kimya? Tumekukosea?"

"Hamjanikosea, mwanangu. Nimechoka tu."

Nikajisikia nasema hivyo ndipo nikamwelewa marehemu. Hakuwa amenifungia mlango. Alikuwa na mama ambaye hapa Maskati hakuna anayemjua, na mtu huchoka kumbeba marehemu peke yake. Mkwe wangu akaniuliza, "Baba alikuwa akicheka vipi?" Aliolewa baada ya msiba, hajawahi kumwona. Nikafungua kinywa kumwambia nimechoka, nikaanza kumsimulia.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe afya na mwisho mwema, na kila utakapomzika umpendaye akuletee mtu wa kukuuliza alikuwaje. Amin.