Tulivyolinda Mahindi ya Kwanza

Juzi hapa Bwera harufu ya mahindi ya kuchoma iliingia dirishani, lakini mjukuu wangu hakugeuka. Alikuwa kwenye kompyuta, akiongoza wapiga mishale na wachawi kulinda ngome yake. Zimwi moja kubwa lilikuwa likicheza mbele ya lango, naye amelipelekea jeshi lote. Nyuma, upande wa mto, hapakuwa na mlinzi.

Harufu ile ilinirudisha utotoni, Kyondo, miguu mitupu kwenye umande, debe bovu mkononi. Nyani dume alitutania upande wa juu wa shamba, nasi watoto tukamfukuza hadi kilimani. Tuliporudi, kundi lake lilikuwa limepanda kutoka kijitoni, chini ya shamba, na kumaliza mistari miwili ya mahindi. Mahindi yale yalikuwa malimbuko. Hata sisi hatukuruhusiwa kuonja punje kabla ya kuyapeleka kanisani.

"Afande zangu," mama alituuliza, "kesho mutamufuata tena?"

Kesho yake dume alirukaruka, akatuonyesha matako. Hakuna aliyemfuata. Tulilala kimya karibu na kijito, njaa ikituuma, mpaka majani yakatikisika. Hapo tukapiga madebe yote! Nyani walikimbia wakikanyagana, na Jumapili tuliingia kanisani tukiimba, kikapu kimejaa.

"Achana na ule mukubwa," nilimwambia mjukuu. "Angalia kule mutoni."

Alihamisha jeshi, likayakuta mazimwi mengine yakipanda kimyakimya kutoka mtoni. Punde akaruka kutoka kitini. "Bibi, tumewapiga! Ulijuaje?"

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye sahani ya mahindi.

"Bado," nilimwambia. "Kwanza tushukuru."